Je, Wajua? Ufalme wa Kisiasa

Mathayo 6:33 inawataka watu wautafute kwanza ufalme wa Mungu. Kwame Nkrumah, kiongozi wa Ghana, aliwataka watu wake wautafute kwanza ufalme wa kisiasa, na mengine yote wangezidishiwa. Maneno hayo yaliandikwa chini ya sanamu yake mbele ya Bunge, Accra. Mapinduzi ya Februari 1966 yalipomng'oa madarakani, umati uliiangusha sanamu hiyo. Leo kiwiliwili na kichwa cha sanamu hiyo huonyeshwa kila kimoja peke yake katika bustani ya kumbukumbu ya Nkrumah.

Nkrumah aliijua Biblia vizuri. Alipata shahada ya teolojia Marekani, Chuo Kikuu cha Lincoln, mwaka 1942, na alikuwa akihubiri katika makanisa ya Wamarekani weusi.

Gazeti la chama chake, Accra Evening News, lilikwenda mbali zaidi. Lilitunga “Heri” mpya kwa mtindo wa Hotuba ya Mlimani, likiwasifu waliofungwa kwa kudai kujitawala. Likatunga hata Kanuni ya Imani, Nkrumah akiwa ndiye anayeaminiwa! Kwa nchi yenye Wakristo wengi, huo ulikuwa ujasiri wa kutisha.

Kanisa halikunyamaza. Mwaka 1962 Askofu Mwanglikana wa Accra, Richard Roseveare, alilaumu mafunzo ya vijana wa chama kuwa hayana Mungu. Alifukuzwa nchini.