Mfupa Unaunga, na Moyo Je?



Mwezi huu ukurasa wetu wa afya unazungumza juu ya jambo lisilo na kidonge wala sindano, nalo ni kumsamehe mtu aliyekuumiza mwili. Sizungumzii ugomvi wa maneno, ambao huisha kwa kupeana mikono baada ya Misa. Nazungumzia mguu uliovunjwa na dereva mwenye haraka, mguu ambao mwenyewe ataukanyagia kwa kuchechemea mpaka siku ya kufa kwake.

Sisi wa Kibaha habari hizi tunazijua. Barabara ya Morogoro imepita katikati yetu, na usiku na mchana yanapita mabasi ya Mbeya, Songea na Mwanza, pamoja na malori yaendayo Zambia, Kongo na Rwanda. Hospitali ya Tumbi, ambayo chimbuko lake ni kituo cha afya cha Mradi wa Nchi za Nordic ulioanza mwaka 1963 na kukabidhiwa kwa Serikali mwaka 1970, imezoea kupokea majeruhi wengi kwa mara moja. Wenye mivunjiko mibaya hupelekwa Taasisi ya Mifupa, MOI, pale Muhimbili. Siku hizi zimeongezeka pikipiki, ambazo hazingojei barabara ya lami. Zinafika hadi ndani kabisa ya vijiji vya Kisarawe, na huko ndiko mgonjwa hurudishwa akiisha kufungwa hogo, akalazwe kitandani kwake. Watu wakiacha kumtembelea, hapo ndipo mateso ya pili huanza.

Mfupa wa mkono wa mtu mzima huunga kwa muda wa wiki 6 hadi 8. Muundi wa mguu huchukua miezi 3 hadi 6, na zaidi ikiwa mfupa ulitoboa ngozi na kuingia usaha. Muda wote huo mgonjwa ana kazi moja tu, kuwaza. Anawaza shamba, ada ya mtoto, na sura ya yule dereva. Uchungu wa namna hii huufanya mwili ukae kama uko vitani. Moyo unakwenda mbio, misuli inakaza, usingizi unapotea, chakula hakishuki, na maumivu yaleyale ya jana yanaonekana makali zaidi. Tena mwenye uchungu huyaacha mazoezi aliyofundishwa, kwa maana haoni faida yake.

Lakini nisieleweke vibaya. Wako watu wema wanaokaa kitandani pa mgonjwa na kumwambia kwamba kidonda hakiponi kwa sababu hajasamehe. Huo si ukweli, na ni ukatili. Usaha unaletwa na vijidudu, na dawa yake ni kusafishwa kidonda na kumaliza dawa zote alizoandikiwa. Yoshua bin Sira, katika sura ya 38, anatufundisha kumheshimu tabibu na kusali pia. Hakutuambia tuchague kimoja.

Nimkumbuke mama mmoja wa kijiji kimojawapo cha Kisarawe, Mkristo wa siku nyingi. Alikuwa anarudi kuuza mihogo, akagongwa na kijana wa pikipiki, naye kijana akakimbia. Mundi ulivunjika na mfupa ukatoka nje. Kilichomsumbua zaidi ni kwamba kijana huyo alikuwa wa kijijini hapohapo. Mama yake kijana, ambaye ni Mwislamu, alileta uji kila asubuhi. Mgonjwa aligeukia ukutani, uji ukapoa, ukanywewa na wajukuu. Binti zake wakawa wanamwambia, "Mama, samehe basi, wewe si Mkristo?" Kadiri walivyomhimiza ndivyo alivyozidi kunyamaza.

Padre alipokuja kumpa Mpako wa Wagonjwa hakumhimiza. Alimwuliza, "Mama, umepoteza nini?" Akamwacha ahesabu. Misimu miwili ya kulima. Ada ya mtoto wa mwisho. Kwenda kanisani kwa miguu yake. Usingizi. Alihesabu huku analia, nadhani kwa mara ya kwanza tangu ajali. Mimi kama muuguzi nasema ile ilikuwa kazi sawa na ya kusafisha kidonda. Ukifunga bendeji juu ya usaha, kwa nje panaonekana pazuri, ndani panaoza. Msamaha unaotolewa kabla jeraha halijatajwa ndivyo ulivyo.

Safari moja ya kliniki waliomba gari lisimame Pugu, kwa sababu mtu wa Kisarawe aendaye Muhimbili hupita hapo. Leo Pugu ni kituo cha hija. Tarehe 13 Januari 1889, wakati wa vita vya Abushiri, misioni ya Wabenediktini ilishambuliwa pale, wakauawa Sista Martha Wansing, Bruda Petrus Michl na Bruda Benedikt Kantwerk. Watu wa pwani walikuwa na sababu ya kuikasirikia kampuni ya Wajerumani iliyokuwa inatwaa nchi yao, na tuseme hivyo wazi. Lakini ghadhabu haikuchagua, ikamwangukia na sista. Kanisa lilirudi baadaye katika ardhi ileile na kujenga shule, ambayo Mwalimu Nyerere aliifundishia kabla ya kuacha ualimu mwaka 1955. Yule mama aliposimulia ziara hiyo hakusema habari za mashahidi. Alisema tu, "Kumbe watu walirudi."

Wengi huuliza, nikimsamehe nifute kesi? Hapa namtaja Baba Mtakatifu Yohane Paulo wa Pili, ambaye wengi wetu tulimwona alipotutembelea Tanzania mwezi Septemba 1990. Alipigwa risasi tarehe 13 Mei 1981. Siku nne baadaye, akiwa bado kitandani hospitalini, aliutangazia ulimwengu kwamba amemsamehe yule aliyempiga, akamwita ndugu. Desemba 1983 alimfuata gerezani wakazungumza. Hata hivyo mtu yule alikaa katika gereza la Italia hadi mwaka 2000. Msamaha na sheria vina milango miwili tofauti. Kwa hiyo chukua PF3 polisi (ingawa matibabu ya dharura yasicheleweshwe kwa ajili yake), tunza karatasi zote za hospitali, na fuatilia bima ya chombo kilichokugonga. Kufanya hivyo si kulipiza kisasi. Wala usijilinganishe na siku nne za Baba Mtakatifu. Kuna mifupa ya wiki sita na kuna ya mwaka.

Katika Injili ya Yohane, sura ya 20, Bwana Mfufuka aliwaonyesha wafuasi mikono yake na ubavu wake. Alikuwa mzima, amefufuka, na makovu anayo. Jioni hiyohiyo, huku makovu yanaonekana, aliwapa uwezo wa kuondolea dhambi. Mimi kila nikisoma sura hiyo nawakumbuka wagonjwa wangu wanaodhani kwamba kwa kuwa bado wanaumia, hawajasamehe.

Mwezi wa saba kijana alikuja, na mama yake. Mgonjwa alimsomea hesabu yote, mpaka ada. Kijana alilia. Kisha akamwambia, "Nimekusamehe, mwanangu, lakini maji nani atanitekea?" Tangu hapo madumu mawili ya maji yalikuwa yanafika kila asubuhi, pamoja na uji, nao ukanywewa ungali wa moto. Sasa mama anatembea kwa fimbo. Anachechemea.

Kwa wale wanaomwuguza mtu nyumbani: asiyeweza kujigeuza ageuzwe kila baada ya saa mbili, usiku pia, na mgongo, makalio na visigino vikaguliwe kila siku. Akisema hataki kuishi tena, msilichukulie kuwa neno la uchovu. Mpelekeni kwenye kituo cha afya siku hiyohiyo, na asiachwe peke yake. Dereva akitaka kuja kuomba radhi, aulizwe mgonjwa kwanza, na akikataa iheshimiwe. Mwambieni katekista wenu jina la mgonjwa ili aletewe Komunyo. Na wanajumuiya wakija kusali rozari, kabla hawajaondoka, wawili kati yao wabaki kidogo kusaidia kumgeuza.