Meneja wa makao ya wazee anapokosa msaada wa viongozi wake

KUONGOZA makao ya wazee huko England, nchini Uingereza, ni kazi ambayo mtu huwajibika kwa jina lake mbele ya sheria, ilhali maamuzi makubwa ya fedha hufanywa na wengine.

Kwa mujibu wa Sheria ya Afya na Huduma za Jamii ya mwaka 2008, makao hayo ni lazima yasajiliwe na Tume ya Ubora wa Huduma, CQC. Mbali na mmiliki, meneja naye husajiliwa kwa jina baada ya kuthibitika kuwa anafaa.

Maana yake ni kwamba mkaguzi akikuta dawa zimetolewa kimakosa, au mzee ameanguka usiku kwa kukosa wa kumsaidia, meneja ndiye hutakiwa kujieleza. Yakitokea madhara makubwa ambayo yangeweza kuepukwa, mmiliki na meneja wote wanaweza kufikishwa mahakamani.

Tatizo huanza viongozi wa juu wanapobana bajeti. Meneja huomba wahudumu wanne wa zamu ya usiku, akapewa wawili. Hatimaye huingia zamu yeye mwenyewe, na kazi yake halisi ya kukagua kumbukumbu za dawa na kuwasimamia wahudumu hulala.

Uhaba wa watu nao huzidisha mzigo. Takwimu za taasisi ya Skills for Care zilionyesha kuwa mwaka 2021/22 nafasi zipatazo 165,000 za kazi ya matunzo zilikuwa wazi nchini humo.

Hata hivyo, sheria haimtupi meneja. Kanuni ya 18 ya mwaka 2014, ingawa haitaji idadi maalumu, inamtaka mmiliki kuweka wahudumu wa kutosha wenye ujuzi, na kuwapa waajiriwa wake msaada, mafunzo na usimamizi. Meneja naye ni mwajiriwa. Kumnyima msaada, kwa hiyo, si ukosefu wa utu tu, bali kunaweza kuwa ukiukaji wa kanuni.

Ndiyo maana kinga yake ya kwanza ni maandishi. Ombi la wahudumu lieleze idadi ya wazee waliopo, wangapi huhitaji watu wawili kuinuliwa kitandani, na hatari gani itatokea ombi likikataliwa. Yaliyosemwa kwa simu yaandikwe kwa barua pepe siku hiyo hiyo.

Asipojibiwa, anaweza kwenda CQC. Sheria ya mwaka 1998 humlinda mfanyakazi anayefichua maovu kwa manufaa ya umma.

Gharama ya kupuuza onyo ilionekana katika hospitali binafsi ya Winterbourne View, karibu na Bristol. Muuguzi mwandamizi aliripoti unyanyasaji wa wagonjwa kwa viongozi wake na kwa CQC, lakini hatua hazikuchukuliwa mpaka BBC ilipourusha hewani mwaka 2011. Wafanyakazi 11 walitiwa hatiani, na sita kati yao wakafungwa mwaka 2012.

Kujiuzulu nako kuna taratibu zake. Barua kwa mwajiri haitoshi. Meneja hana budi kuiomba CQC ifute usajili wake, la sivyo jina lake hubaki kwenye orodha. Kwa mgeni ambaye viza yake imefungwa kwa mwajiri, udhamini ukikoma kwa kawaida hupewa siku 60 tu za kupata mwajiri mwingine au kuondoka. Hofu hiyo huwafanya wengine wanyamaze.

Kwa anayefikiria kuipokea kazi hiyo, mshahara si swali la kwanza. Aulize kabla ya kutia saini: mhudumu akikosekana usiku wa manane, nani mwenye mamlaka ya kuidhinisha mwingine? Ikiwa si yeye, ajue mapema kwamba atabeba lawama za uamuzi asioufanya.