Mtoto akiitwa kambini, uliza kuhusu Februari

Ilikuwa Oktoba, tunachambua korosho barazani kwetu Mikindani, kijana wangu wa miaka 17 alipoingia na habari yake.

"Shikamoo baba. Kocha wa timu moja ya Championship ameniona. Anataka niende kambini, mkoa mwingine."

Mama yake akaacha kuchambua. Mtoto alikuwa kidato cha tatu.

Sikumkatalia papo hapo. Mzazi wa Mtwara utamkatazaje mtoto mpira? Hapa tuliiona Ndanda FC ikipanda. Msimu wa 2013/14 Ligi Daraja la Kwanza ilichezwa kwa makundi matatu, na kinara wa kila kundi ndiye aliyepanda. Walipanda Ndanda, Polisi Morogoro na Stand United ya Shinyanga. Wana Kuchele wakawa wa Ligi Kuu, na Simba na Yanga zikawa zinakuja Nangwanda Sijaona. Kuchele, yaani kumekucha!

Ikakaa misimu sita. Julai 2020 ikashuka.

Mzazi mwenzangu, ligi hiyo ya ngazi ya pili, ambayo sasa inaitwa Championship, ina safari ndefu. Timu 16, kila moja mechi 30. Mbili za juu hupanda moja kwa moja, ya tatu na ya nne huingia mchujo. Kutoka Mtwara hadi Dar es Salaam tu ni kama kilomita 560. Ukipangiwa Mwanza, unavuka 1,500. Hayo yote ni mafuta ya basi, chakula, malazi na posho.

Na sisi tunajua pesa ina majira. Oktoba hadi Desemba minada ya korosho inaendelea, kila mtu anacheka, na ahadi ni nyingi. Ikifika Februari korosho imeshaliwa, ada imelipwa, mvua inanyesha, na ligi ndiyo kwanza iko mzunguko wa pili. Timu nyingi za ngazi hii hazina mdhamini mkubwa wa kwao. Hapo ndipo ahadi hupimwa.

Basi nikaandika maswali manne, nikampigia simu kiongozi wa timu ile.

Kwanza, mkataba. Kwa Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, aliye chini ya miaka 18 ni mtoto. Asisaini peke yake. Kanuni za FIFA nazo hazimruhusu mchezaji wa umri huo kufungwa mkataba unaozidi miaka mitatu. Nakala moja ibaki nyumbani.

Pili, malipo. Ni kiasi gani, tarehe ngapi, na Februari je?

Tatu, shule. Atasoma wapi, na nani atamsimamia?

Nne, akiumia goti, nani atalipa hospitali?

La kwanza alilijibu vizuri. La pili na la tatu akazunguka. La nne akacheka: "Mzee, tumwombe Mungu tu."

Nikamshukuru, nikakunja karatasi yangu.

Tulikaa na kijana, tukakubaliana amalize kidato cha nne kwanza, aendelee kucheza timu ya mtaani, na likizo nimpeleke mwenyewe kwenye majaribio. Kukubaliana kwenyewe kulikuwa kwa shingo upande. Alinuna wiki mbili. Usiku nilijiuliza kama nimemfungia mlango ambao hautafunguka tena. Mpaka leo hujiuliza.

Februari simu yake ikalia wakati wa chakula. Alikuwa rafiki yake waliyeonwa siku moja, yeye akaenda. Alikuwa anaomba nauli ya kurudi kwao Msimbati.

Kijana wangu alikata simu, akanawa mikono, akaniangalia.

"Baba, tumtumie."

Tukamtumia.