Harusi Iliyogoma Kuonekana

Mwaka 1997 dada yangu aliolewa Houston. Kutoka nyumbani hakwenda hata mmoja. Nauli ya Marekani tungeitoa wapi? Baada ya miezi miwili ikaja bahasha nene, ndani yake kanda ya video. Mama akapika pilau, akaita majirani, sebule yetu ya Magomeni ikajaa hadi watoto wakabanana mlangoni. Nikaisukuma kanda ndani ya deki. Kwenye TV yetu ya chogo ikatokea mistari ya kijivu inayopanda na kushuka, sura hakuna, rangi hakuna. Sauti ilisikika, lakini nzito, ya kujivuta. Mama alipomsikia mwanawe akiongea namna ile alishika kifua. "Huyu mtoto anaumwa. Wananificha."

Kesho yake nilikwenda kwa fundi Kariakoo. Akaigeuza kanda, akaangalia stempu za bahasha. "Mdogo wangu, kanda ni nzima. Hii ni NTSC, deki yako ni PAL." Sikuwahi kufikiri kwamba picha ya TV ina nchi yake. Leo kazi yangu ni kupiga video za harusi, na mengi ninayoyajua yalianzia kwenye swali nililotoka nalo dukani kwake: sura ya dada imevuka bahari nzima, imeshindwaje kutoka kwenye deki hadi kwenye kioo?

Chanzo ni umeme wa nyumbani. Umeme wa Marekani hupiga mizunguko 60 kwa sekunde. Wetu, kama wa Ulaya, hupiga 50. Wahandisi wa zamani waliona kwamba picha isipokwenda sambamba na umeme, kioo kinachafuka kwa vivuli vinavyotembea. Basi Wamarekani wakakichora kioo mara 60 kila sekunde, nusu ya mistari kila mara, yaani picha kamili 30 zenye mistari 525. Ulaya wakatulia kwenye picha 25 zenye mistari 625. Deki yetu ilikuwa ikihesabu 25 wakati kanda ya Houston imeandikwa 30, na mkanda wenyewe ulitakiwa uende kasi zaidi. Ndiyo maana dada akaongea kama mgonjwa.

Rangi ikaongeza ufa. Mfumo wa rangi wa Marekani, hiyo NTSC, uliidhinishwa Desemba 1953. Ndani yake, rangi hubebwa na wimbi, na kuchelewa au kuwahi kidogo kwa wimbi hilo ndiko kunakoamua kama kitu ni chekundu au cha kijani. Likigonga jengo njiani likayumba, uso wa mtu unaingia ukijani. Ndiyo sababu TV za kule zilikuwa na kitufe cha kurekebishia rangi ya ngozi. Mjerumani Walter Bruch wa kampuni ya Telefunken alipata dawa ambayo mimi naiheshimu hadi leo: kila baada ya mstari mmoja, sehemu ya ujumbe wa rangi igeuzwe kichwa chini. Kosa likielemea kulia kwenye mstari huu, litaelemea kushoto kwenye unaofuata. TV ikiichanganya miwili, kosa linajifuta lenyewe. Hiyo ndiyo PAL, iliyoingia hewani Ujerumani Magharibi Agosti 1967. Wafaransa nao mwaka huohuo wakaanza na SECAM ya Henri de France, inayotuma rangi kwa zamu, mstari huu rangi hii, mstari ule rangi ile.

Kwetu mgawanyo ulifuata njia za wakoloni. Kenya na Tanzania zikawa PAL, Zaire na Burundi SECAM. Zanzibar ilianza moja kwa moja na televisheni ya rangi mwanzoni mwa miaka ya 1970, wakati sisi wa Bara tulingoja hadi 1994. Na hata wenye PAL hawakuwa kitu kimoja. Waliotuma TV kutoka London kwenda Mombasa wanakumbuka: picha safi, sauti hakuna. Uingereza iliiweka sauti megahezi 6 juu ya picha, Kenya 5.5.

Aliyetuokoa ni jirani mfanyabiashara, aliyerudi kutoka Dubai na deki inayosoma mifumo yote mitatu. Ghuba walizihitaji: Oman ni PAL, Saudi Arabia ilikuwa SECAM, na wageni walikuja na kanda zao za NTSC. Tukaibeba hadi kwetu jioni, pilau ikapikwa upya. Dada akatokea, shela jeupe, anacheka. Mama hakusema neno mpaka kanda ikaisha, kisha akaniambia niirudishe mwanzo.

Kanda ile ninayo. Mwenye ya namna hiyo aiwahi kabla ukungu wa Dar haujaila, aihamishie kwenye kompyuta kwa picha zake zilezile 30. Akikuambia mtu aibadilishe kwanza iwe PAL, mkatalie. Kila sekunde anakutupia picha tano, na mikono ya maharusi itaenda kwa kushtuka.

Mitambo ya analojia iliyorusha PAL ilianza kuzimwa Tanzania tarehe 31 Desemba 2012. Lakini mpaka leo Marekani inarusha kwa mfumo wake wa dijitali, sisi kwa mwingine, na zile 25 na 30 hazijafa.

Mwaka jana mtoto wa dada alikuja kutoka Houston. Usiku akataka kumrekodi bibi yake akisimulia, chini ya taa ya tyubu. Michirizi ya giza ikawa inapita usoni mwa Mama. "Mjomba, simu yangu imeharibika?"

"Simu ni nzima," nikamwambia. Taa yetu huwaka na kufifia mara mbili kwa kila mzunguko wa umeme, yaani mara 100 kwa sekunde, simu yake inachukua picha 30, hesabu haigawanyiki. Nikaingia kwenye mipangilio ya kamera ya iPhone yake, nikawasha kipengele kilichoandikwa PAL, nikachagua 25. Kila picha sasa inapata mapigo manne kamili ya taa. Michirizi ikaondoka. Mama, ambaye hakuwa amenyamaza muda wote huo, alikuwa amefika kwenye pilau ya kwanza.