Njia Mbili za Fisi wa Dakar

Mvulana amepanda ng'ombe, anaswaga kundi taratibu kuja upande wetu. Hujakaa sawa, umeshafikishwa machinjioni: kamba, pembe, damu imetapakaa sakafuni. Wengi huzima hapo. Nawasihi wavumilie.

Filamu hii ni Touki Bouki, jina la Kiwolofu lenye maana ya Safari ya Fisi. Djibril Diop Mambéty wa Senegal aliitoa mwaka 1973, akiwa na miaka 28, kijana wa jukwaa la maigizo ambaye hakuwahi kusomea filamu. Fedha alizopata zilikuwa kiduchu.

Mory ni mchunga ng'ombe aliyehamia Dakar. Pikipiki yake ameifunga fuvu la ng'ombe, pembe zimechanua juu ya usukani. Mpenzi wake, Anta, anasoma chuo kikuu. Nywele kazikata fupi, kavaa suruali, na majirani hawampendi kwa hilo. Wote wawili wanaitaka Paris. Nauli hawana, kwa hiyo wanaiba. Nyuma yao mwimbaji Josephine Baker anasikika akilitaja jina la mji huo, analirudia na kulirudia, hadi linakuwa kama homa isiyoshuka.

Sisi wa pwani tunalo neno kuzamia, na vijana waliojificha kwenye meli tunawafahamu. Mory na Anta hawajifichi. Wanafika bandarini mchana kweupe, wamevaa nguo za kitajiri, za wizi. Anta anapanda. Mory yuko kwenye ngazi, honi ya meli inalia, na Mambéty anaturudishia yule ng'ombe anayeburutwa kwa kamba. Mory anageuka. Anakimbia mji mzima kuitafuta pikipiki yake, na meli inaondoka na Anta.

Njia mbili zilimshinda fisi: tumeisikia tangu utotoni, tukamcheka fisi kwa tamaa yake. Baada ya kumwona Mory pale ngazini sijaweza tena kumcheka. Methali haikutuambia njia zile zilielekea wapi. Mambéty anatuonyesha zote mbili, na moyo unauma kwa zote mbili.

Filamu ilionyeshwa kwenye tamasha la Cannes mwaka ule ule, ikasifiwa, kisha kwa miaka mingi ikawa ya kusimuliwa zaidi ya kuonwa. Mambéty alikaa karibu miaka 20 ndipo akatoa filamu ndefu nyingine, Hyènes, mwaka 1992. Alifariki Paris mwaka 1998. Miaka kumi baadaye taasisi iliyoanzishwa na mwongozaji Martin Scorsese iliisafisha Touki Bouki huko Bologna, Italia, na rangi zikarudi: wekundu wa machinjio, buluu ya bahari. Mwaka 2018 Beyoncé na Jay-Z walipiga picha ya ziara yao juu ya pikipiki yenye pembe. Ukikutana na kijana aliyeipenda picha ile, mwambie ilikotoka.

Ukishaiona, tafuta na Mille soleils ya mwaka 2013. Ni kazi ya Mati Diop, binti wa mdogo wake Mambéty. Anamfuata Magaye Niang, yule aliyecheza Mory: mtu mzima wakati huo, akiwa bado Dakar, bado akiswaga ng'ombe. Humo anampigia simu mwanamke aliyecheza Anta. Simu inapokelewa Alaska.