Mtoto akiomba pedali ya gitaa, fikiria na masikio yake

Kijana amenunuliwa gitaa la umeme, na mwezi haujaisha anaomba pedali ya kubadili sauti. Mzazi anajiuliza: kifaa hicho kina kazi gani, na kelele zile za chumbani hazitamdhuru mwanaye?

Morogoro, mji kasoro bahari, gitaa si jambo geni. Chini ya Milima ya Uluguru ndipo ilipovuma Morogoro Jazz ya Mbaraka Mwinshehe, bendi iliyopiga hadi Osaka, Japani, kwenye maonyesho ya dunia ya mwaka 1970. Mbaraka alifariki Januari 1979 kwa ajali ya gari, lakini magitaa yake bado yanasikika redioni.

Ipi inamfaa?

Pedali hii hukanyagwa kwa mguu, ikapandisha au kushusha noti inayopigwa. Aina kuu ni tatu. Ya oktava huongeza noti ileile kwa juu au kwa chini, gitaa likasikika kama lina besi pembeni. Ya kupatanisha huongeza sauti ya pili, kama waimbaji wawili wa kwaya, na mara nyingi lazima iwekewe ufunguo wa wimbo. Ya tatu, kama Whammy ya DigiTech iliyotoka mwaka 1989, huvuta sauti juu na chini kadiri mguu unavyokandamiza.

Mpiga solo wa dansi mara nyingi hugusa nyuzi mbili kwa pamoja. Pedali nyingi za oktava za zamani hufuata noti moja tu. Zikipewa mbili hubabaika. Kwa hiyo kabla ya kulipa, mwache mtoto apige nyuzi mbili, kisha apige haraka haraka. Sauti ikikoroma au kuchelewa, tafuteni nyingine. Angalia pia umeme: nyingi hutumia volti 9, lakini miliampia na mpangilio wa chanya na hasi hutofautiana. Adapta isiyo yake inaweza kuiunguza.

Volyumu ndiyo hatari

Pedali yenyewe haiharibu masikio, sauti kubwa ndiyo inayoharibu. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidishe desibeli 80 kwa saa 40 kwa wiki, na mtoto desibeli 75 kwa muda huohuo. Zikifika 90, muda salama wa mtu mzima hushuka hadi saa 4 tu kwa wiki. Chembe za kusikia zilizo ndani ya sikio zikifa, hazioti tena.

Kipimo cha nyumbani ni rahisi. Simama umbali wa urefu wa mkono kutoka kwa kijana. Ukilazimika kupaza sauti ili akusikie, apunguze. Kufanya mazoezi kwa hedifoni kunawapumzisha majirani, si masikio yake, kama volyumu iko juu. Masikio yakivuma baada ya mazoezi, au akianza kuuliza "nini?" kila anapoitwa, mpeleke hospitali apimwe. Na mnapopanga bajeti ya pedali, wekeni na vizibo vya masikio.