Mbele ya Kupasuliwa, Sema Dawa Zote Ulizopata

Hapa kwetu Lubumbashi wagonjwa wengi wanafika hospitali wakiwa wamekwisha kupigwa shindano kwenye mutaa. Tumbo linauma, homa imepanda, jirani anajua kupiga shindano, na jentamisini inapatikana kwa farmasi. Siku ya tatu tumbo limekuwa gumu kama ubao, ndipo wanamuleta tumupasue. Tunauliza, "Amepata dawa gani?" Jibu: "Hapana mama, hakuna." Ni haya, tunajua. Lakini haya hiyo inaweza kumuua.

Sikiliza sababu. Kwa kupasua tumbo, anestezisti anamupa mugonjwa dawa ya kulalisha, na mara nyingi dawa ingine ya kulegeza misuli, kama vekuroniumu, ili munganga aweze kufanya kazi. Dawa ile haichagui: inalegeza hata misuli ya kupumua. Kwa hiyo tunamupumulia kwa mupira ao kwa mashini mupaka nguvu yake iishe.

Sasa jentamisini, streptomisini, kanamisini na neomisini ni jamaa moja. Mushipa wa fahamu unapoamuru musuli, unatoa kitu kidogo cha kupeleka habari, ndiyo asetilikolini. Jamaa hii ya dawa inaipunguza. Peke yake, kwa mutu mwenye nguvu, hauoni neno. Ikikutana na dawa ya kulegeza, kulegea kunazidi na kunakawia. Mugonjwa anafungua macho, kisha pumzi inapungua. Pengine anasikia yote na hawezi kusema. Wanganga waliandika habari ya namna hii tangu mwaka 1956, juu ya neomisini iliyotiwa ndani ya tumbo. Mwenye figo mbaya yuko katika hatari zaidi, kwa kuwa dawa inakawia kutoka mwilini mwake.

Penisilini na ampisilini hazina tabia hiyo. Lakini usijisumbue na majina. Leta chupa tupu, leta na kikaratasi. Anestezisti akijua, hatamufukuza mugonjwa. Atapunguza dawa ya kulegeza, atamuchunga saa nyingi, na mupira wa kupumulia utakaa karibu na kitanda. Neostigmini na kalsiumu zinasaidia pengine, si kila mara. Kinachomuokoa ni kumupumulia.

Na wewe unayemulinda usiku ule: ukiona anapumua juu-juu, ao anashindwa kuinua kichwa kwenye muto, usingoje asubuhi. Ita infirmie.